Nakshi Iliyotoka Jikoni

Katika maduka ya Mbeya na Tukuyu siku hizi huuzwa mapazia, foronya na mazulia yenye nakshi zinazosemwa kuwa ni za asili, na mtu akivitazama vitu hivyo kwa mbali hudhani kuwa ameona ungo uliosukwa na stadi, au mkeka wa rangi, au pindo la kanga, ilhali akikaribia na kulishika pazia lenyewe hukuta ni nailoni iliyopigwa chapa kiwandani ng'ambo, inayoteleza mkononi na isiyokuwa na harufu ya kitu chochote kiotacho ardhini. Mpwa wangu, anayejenga nyumba ya wageni hapa Isongole kwa minajili ya wasafiri wanaokuja kupanda msituni kulitazama Ziwa Ngozi, alinunua mapazia ya namna hiyo, akaja na moja nyumbani kwangu, akalikunjua mezani na kuniuliza: "Mjomba, hii si ndiyo nakshi ya nyungo za babu?" Nami nilipolitazama niliona kweli, mpangilio ule wa miraba ya hudhurungi na ya manjano hafifu inayopishana mshazari ulikuwa ni ule ule niliouona utotoni. Sikumjibu siku ile, kwa kuwa jibu lilikuwa refu na lilitaka kuanzia mbali, katika miaka ambayo yeye hakuwa amezaliwa. Na kwa kuwa wako wengi wanaopamba nyumba na hoteli zao kwa namna hii, nimeona heri niliandike.

Babu yangu mzaa baba alikuwa akisuka nyungo, matenga ya ndizi na vikapu vya mahindi kwa mianzi iliyokatwa katika Mlima Rungwe, na alikuwa na kaida ya kuigawa mianzi yake mafungu mawili mara tu inapofika nyumbani. Fungu la kwanza lilisimamishwa chini ya upenu likauke kwa upepo. La pili lilipandishwa darini jikoni, mahali ambapo moshi wa meko ulipita mchana na usiku, likakaa huko msimu mzima wa mvua, ambao kwetu ni mrefu kupita kiasi, mpaka likageuka hudhurungi iliyoiva. Sisi watoto tulidhani ni mapenzi ya rangi tu. Nilipopata hirimu ya kuuliza, akanieleza kuwa mwanzi mbichi una utamu ndani yake unaomwita bungua, mdudu ambaye huutoboa kimya kimya mpaka siku moja unashika tenga ukaona unga mweupe unadondoka miguuni, na kwamba moshi humfukuza mdudu huyo na kuufanya mwanzi uwe mgumu, ingawa huupunguzia unyumbufu. Kwa hiyo chane za moshi aliziweka pale penye kazi nzito, penye ukingo na penye mihimili ya kupitia, na chane za upepo akazipitisha kati, panapohitaji kupinda; na kutokana na kupishana huko kwa ngumu na laini, nyeusi na nyeupe, ikazuka ile miraba ya mshazari ambayo leo viwanda vya mbali vinaipiga chapa juu ya nailoni.

Namkumbuka akiwa kazini, mwanzi ameuegemeza gotini, kisu amekitia kichwani pake, akiupasua kwa kukisukuma taratibu bila kukata, huku akisikiliza mlio, kwani kila pingili ilipopasuka ilitoa sauti yake na yeye kwa sauti hiyo alijua kama ufa umeenda upande. Kila chane aliigawa tena, akitenga ganda la nje, lililo gumu na linalong'aa, na nyama ya ndani, ambayo hakuitumia kwa ungo bali aliwapa kina mama wafungie mizigo. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na sugu nene iliyopasuka katikati, na chane ilipita katika ufa ule wa sugu ikipimwa unene wake, asihitaji kuitazama. Mtu aliyewahi kumwona mzee yule hawezi kuamini kwamba nakshi ni kitu kinachoweza kubanduliwa juu ya chombo kikachukuliwa peke yake. Ilikuwa ni matokeo ya moshi, ya mdudu, ya mvua ya Rungwe na ya kidole kile.

Mama yangu naye alikuwa na kazi yake, ya kukandika kuta za mianzi kwa udongo na kuzipaka rangi za ardhini, nyeupe, nyekundu na ya majivu, kazi iliyorudiwa kila mwaka baada ya masika kwa kuwa mvua haikuiacha idumu. Mskochi Joseph Thomson, aliyepita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu sana nyumba za Wanyakyusa kwa unadhifu wake na migomba iliyozizunguka, na wengi waliokuja baada yake wakasema kama alivyosema. Lakini wapita njia aghalabu huiona nyumba ikiwa imekamilika, wasiuone mwaka unaotumika kuitunza. Mama hakuwa akipamba kisha akamaliza. Kwake pambo lilikuwa ni sehemu ya usafi, likiharibika hutengenezwa, na ukuta wa mwaka huu haukuwa na wajibu wa kufanana na ukuta wa mwaka jana. Hilo nalo lilinikaa moyoni, nikaja kulihitaji baadaye.

Nilipotoka shuleni nilikwenda Dar es Salaam, nikaajiriwa na fundi wa makochi huko Keko, katika mtaa ambao hata leo ni mashuhuri kwa samani. Ilikuwa ni zama za vitambaa vya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kila sebule iliyokuwa na uwezo ilitaka kochi la mbao lenye mito, na juu ya mito hiyo vitambaa vya kufuma vilivyofumwa na mwenye nyumba mwenyewe kwa uzi mweupe. Siku moja alikuja bibi mmoja wa pwani, mtu mzima mwenye haiba, akaleta doti za kanga akitaka zifunike viti vyake. Tajiri wangu akatandaza kanga juu ya meza, akaweka pima, akakusudia kuikata kwa jinsi ambayo ingempa vipande vingi bila kupoteza nguo, na bibi yule akaweka kiganja chake juu ya mkasi. "Mwanangu," alisema, "ukikata hapo umelikata jina, na mgeni wangu atakalia nusu ya neno." Kisha akatuonyesha, kwa upole na bila kutufedhehesha, jinsi kanga ilivyopangwa: pindo linavyozunguka pande zote nne, mji unavyokaa katikati, na jina linavyokaa chini ya mji karibu na pindo la upande mrefu, akataka mji ukae katikati ya mgongo wa kiti, pindo liwe ukingo wake, na jina lielekee mbele panaposomeka wala lisikaliwe. Kwa vipimo vya viti vile jambo hilo halikuwezekana. Bibi hakukubali kanga ipunguzwe. Aliagiza viti vingine, mgongo wake ukapimwa kwa kanga.

Mimi nililiona jambo lile kuwa kubwa. Hadi wakati ule nilifikiri kuwa samani ndiyo bwana na kitambaa ndicho mtumwa, kiti kinakuja kwanza na nguo inakatwa kukifuata. Kumbe yaweza kuwa kinyume, nguo yenye mpango wake ikaamuru upana wa kiti. Na wala mtu asiseme kwamba bibi yule alikuwa akilinda jambo la kale lisilobadilika, kwa kuwa kanga yenyewe si ya kale sana: wazee wa pwani husimulia kuwa ilianza kwa leso zilizounganishwa na kushonwa pamoja katika karne ya 19, na mojawapo ya majina yake makongwe, Mali ya Abdulla, ni la duka la Mombasa lililoanza biashara mwaka 1887. Kitenge nacho kina safari ndefu zaidi, maana kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, iliiga batiki za Java, na nguo hiyo ikapata wapenzi Afrika ya Magharibi kabla ya kuenea hadi kwetu. Kwa hiyo anayetafuta asili isiyoguswa na mgeni atatafuta sana katika mwambao wetu asiipate. Kilichoifanya kanga iwe yetu ni kule kupewa mpango, matumizi na adabu zake na watu walioivaa, hata ajuza mmoja akaweza kumfundisha fundi mzoefu jinsi ya kukata.

Katika miaka hiyo hiyo nilikuwa nikipita Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, nikawaona vijana wakichora, wakichonga na kutia rangi vitambaa. Sitalieleza kwa urefu, ila pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mtu akilipwa kwa nakshi aliyoibuni, na jina lake likaandikwa.

Baadaye tajiri alinituma Unguja kununua mikeka, kwa kuwa wateja walianza kutaka migongo ya viti iwe ya ukindu. Katika kijiji kimoja cha kusini nilikaa barazani na kina mama waliokuwa wakisuka ukili huku wakizungumza, wengine wakisuka hata wakiwa njiani, mkono ukijua kazi yake pasipo jicho. Ukili ni utepe mrefu, husukwa kwa kupishanisha chane za ukindu zilizochemshwa pamoja na rangi, ukakunjwa robota kwa robota, na ukisha kuwa wa kutosha ndipo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukapatikana. Nilikuwa nimepewa karatasi yenye mchoro wa ua kubwa, nikamwomba mama mmoja alisuke katikati ya mkeka. Aliitazama karatasi kwa makini, akaupima ukili wake kwa vidole, akaniambia kuwa ua lile ni la mtu anayechora, na yeye anasuka. Nakshi yake haiwezi kupita upana wa ukili, ila akibadili idadi ya chane na kuzikutanisha vyema wakati wa kushona, atapata mawimbi yatakayotembea mkeka mzima. Mawimbi hayo alinisukia. Mkeka ule ulikwenda katika nyumba ya mtu mwenye cheo, na kila aliyeuona aliuliza umetoka wapi, ambapo ua lililochorwa, nina yakini, lisingeulizwa na mtu.

Niliporudi Isongole katika miaka ya 1980 kufungua karakana yangu kando ya barabara iendayo Tukuyu, nilikuja na mikeka hiyo, na wateja wa Mbeya waliipenda. Lakini Isongole si Unguja. Hapa ukungu hushuka kutoka Ngozi, ambayo kilele chake kiko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ukaingia ndani ya nyumba mchana kweupe. Nguo ya pamba ikiachwa kabatini bila kuanikwa huota kuvu, na ukindu wa pwani, uliozoea upepo wa bahari na jua kali, ulipoteza rangi yake ya zambarau ukawa na madoa katika nyumba moja niliyokwenda kuikagua. Mwenye nyumba alinionyesha pembeni, juu ya kabati la vyombo, ungo wa zamani uliosukwa na wazee wa huku, mkavu, unaong'aa, bila doa. Kila malighafi ina nchi yake. Tangu hapo nikaifanya mianzi ya moshi kuwa msingi wa kazi zangu, migongo ya vitanda, viti vya barazani, visetiri vya kugawia chumba, na nguo nikaitumia kwa mito tu, ambayo hutolewa nje ikaanikwa jua linapotoka.

Sasa nifike kwenye habari ya Matema, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote. Wanawake wa Kikisi wanaokaa huko, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, ni wafinyanzi tangu zama na zama, na vyungu vyao, vyepesi na vyembamba kwa jinsi ya kushangaza, husafiri kwa mitumbwi na kwa magari mpaka Kyela, Tukuyu na Mbeya. Mama yangu hakupikia chungu kingine. Mteja mmoja aliponiagiza taa za mezani zilizotengenezwa kwa vyungu hivyo, nilisafiri kuteremka mpaka huko, nikatembea hadi soko la Lyulilo, nikaelekezwa kwa mama mmoja, nikamweleza kuwa nataka chungu cha kawaida chenye tundu kitakoni. Alikuwa amepiga magoti, akikwangua chombo kibichi kwa kipande cha kibuyu kutoka ndani kwenda nje, na bila kuinua macho akaniuliza: "Ndani yake patakaa nini?" Nikasema hapatakaa kitu ila waya, na juu yake taa. Akaweka kibuyu chini.

"Kama hakibebi maji, baba," akasema, "tumbo kubwa ni la nini?"

Sikuwa na jibu, wala hakulingoja. Akatwaa bonge jingine la udongo, akalivuta juu kwa mikono miwili akizunguka kulifuata, akalifanya jembamba, akapanua kitako ili paka asikiangushe, na mwisho, kabla udongo haujakauka, akatoboa matundu kwa unyasi kuzunguka mabega yake, huku akieleza kwamba moto wa ndani lazima upate pa kutokea. Akapaka mkanda wa ngeu palepale ambapo mama zake walipaka, chini kidogo ya shingo, akausugua kwa kokoto laini mpaka ukang'aa. Taa ile haikuwa chungu cha Kikisi wala haikuwa taa ya dukani, na ilipowashwa ilitupa vidoa vya nuru ukutani ambavyo mteja hakuviagiza. Mimi nilikwenda kwa mwanamke yule nikiwa na kitu kilichokwisha kubuniwa, nikitaka mikono yake tu. Yeye akaniuliza swali ambalo babu angeliuliza, akabuni mwenyewe. Na hapo nikaona tofauti iliyopo baina ya kuichukua kazi ya jadi na kuiendeleza: anayeichukua hunakili umbo, na anayeiendeleza hurudi kwenye haja iliyolizaa lile umbo, akaweka haja mpya, akamwachia fundi mwenye urithi huo aijibu.

Niliwahi kuyaona hayo hayo Kampala, katika lubugo la Waganda, ambalo UNESCO iliitangaza sanaa ya kulitengeneza kuwa tunu ya ulimwengu mwaka 2005. Gome la mutuba hubanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka likatanuka, na mti uliobanduliwa hufungwa majani ya mgomba ili upone na uweze kutoa tena mwaka unaofuata. Huko nguo iliyokuwa ya wafalme na ya mazishi sasa hutengenezewa vivuli vya taa na mito, nami sikuona kuwa imeshushwa hadhi, kwa kuwa mpondaji ni yule yule na mti bado unafungwa majani.

Lakini si kila anayekuja na haja mpya ana nia njema. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja, alikuja karakanani kwangu akanunua sampuli za visetiri vyetu, akaahidi oda kubwa, na baada ya muda nakshi zile zikaonekana madukani juu ya vitambaa, wala oda haikuja. Wasukaji watatu waliokuwa wakinitegemea walirudi shambani kulima viazi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi kuwa ni kitu cha kulindwa, na hilo ni jema. Ila msukaji wa Isongole hana wakili, na nakshi haina saini. Kinga ninayoiamini mimi ni kazi ambayo chapa haiwezi kuiiga, yaani ile ambayo uzuri wake umo katika unene wa chane na harufu ya moshi, na mnunuzi aliyefundishwa kuigusa kabla ya kuilipia. Iringa wamelifanya jambo hili vyema: Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imewaweka wafumaji na mafundi wenye ulemavu mahali ambapo mnunuzi huingia, akawaona wakifanya kazi, na kununua kwao.

Mpwa wangu nimemwambia hayo yote, na zaidi ya hayo, kwa siku kadhaa, na yeye, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, akaniuliza swali zuri kuliko lile la kwanza: mianzi itatoka wapi? Babu alikata mlimani bila kumwomba mtu ruhusa. Leo Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, na kwa haki kabisa, maana msitu ule ndio ulioleta sifa kwa wilaya yetu pale watafiti walipomwona humo mwaka 2003 kima aitwaye kipunji, wakamtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, naye hayupo popote duniani ila katika misitu michache ya Tanzania. Siwezi kutamani kiti chochote kinachomnyang'anya mnyama huyo makao yake. Kwa hiyo mianzi lazima ipandwe, na mahali pa kuipanda papo: kando ya vijito vyetu, ambako sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo, na ambako mizizi ya mwanzi hushika udongo usiporomoke.

Na moshi je? Jikoni kwingi sasa kuna bati, gesi na mkaa, na dari ya kukaushia haipo tena, jambo ambalo kwa macho na mapafu ya mama zetu ni rehema isiyokadirika, nami sitaki mtu yeyote arudishwe kukohoa kwa ajili ya rangi ya kiti. Tumekubaliana kujenga banda la moshi nyuma ya karakana, lenye meko ya matofali na dari ya fito, litakalochoma maranda na magunzi ya mahindi, na wenye mashamba waliopanda mianzi watauza kwa fungu. Gharama si ndogo, na kwa vyumba vyote mara moja mpwa wangu hana fedha hiyo. Ataanza na viti vya ukumbini na vitanda vya vyumba vinne, awalipe wasukaji nusu ya ujira kabla ya kazi, na vilivyobaki vingoje mavuno ya pili ya mianzi.